Tunamngoja Anayechechemea

Halderi, nyumbani kwa Mama
Mwisho wa Januari

Mdogo wangu Sozar,

Pokea salamu zangu, na za Mama, na za mzee Chichiko jirani yetu, ambaye bado hajafa wala hajaacha kusema ovyo. U mzima? Nakuuliza na nataka jibu. Najua watu wakiandika barua huuliza afya kwa desturi tu kisha huendelea na mambo yao, lakini mimi nauliza kwa dhati, na ukifika mwisho wa barua hii utajua kwa nini. Mguu wako je? Ule wa kushoto bado unakuuma hewa ikibadilika? Kama unakuuma huko Poti, basi jua kwamba huku kwetu hewa imebadilika vibaya kuliko siku zote ulizoishi hapa.

Sisi tunapumua, ndiyo habari njema niliyo nayo. Wanangu wako Mestia na baba yao, wanalala ukumbini shuleni pamoja na karibu kijiji kizima. Barua hii anakuletea Tariel, mtoto wa Pridon, anayeendesha katapila la kusafisha barabara. Ukimwona mlangoni kwako utajua nimejuaje mahali ulipo. Usimgombeze. Mpe chai, maana anakuja bila kulala.

Sasa nikueleze, na unisamehe nikiruka ruka, kichwa changu hakijatulia.

Wafu wetu walikuja kula nyumbani kwa wakati wao, kama kila mwaka, katikati ya mwezi, kwenye baridi yetu ya kawaida. Tuliwapokea vizuri. Mama alifagia nyumba, akaacha mlango wazi, akatenga maji ya kunawa, akapanga mikate ya nyama na ya jibini, na araki, na mishumaa, nasi tukasimama kando na njaa zetu mpaka walipomaliza kula. Baba yetu Bimurza alikuwa miongoni mwao kwa mara ya pili tangu tumzike. Chichiko akasema Bimurza lazima ndiye aliyefika mezani wa kwanza, kwani hata alipokuwa hai hakuwahi kungoja mkate upoe. Mama akacheka sana. Siku yao ya kuondoka tukawasindikiza mpaka nje ya uzio, tukasema mwaka umeanza salama.

Baada ya hapo theluji ikaanguka. Ilianguka mfululizo mpaka tukawa tunatoka nyumbani kupitia dirisha la juu, na kila mtu mwenye mikono alikuwa juu ya paa na koleo. Hayo tumeyazoea. Tusiyoyazoea ni upepo uliofuata. Ulitoka upande wa bahari yenu huko, upepo wa moto, na mvua nyuma yake. Tulilala Januari tukaamka Aprili! Maji yakaanza kutiririka ukutani, nzi wakaamka dirishani, mwerebi pale kisimani ukachipua manyoya yake meupe kama vile mjinga aliyeshika njia kabla ya kuitwa. Watoto wakafurahi, wakavua makoti. Jirani yetu Eteri akaanika nguo nje akicheka. Mimi nilitazama juu mlimani tu.

Chichiko alichomeka fimbo yake kwenye theluji nyuma ya zizi letu. Ikazama mpaka kwenye kishikio bila kukwama popote, na alipoivuta ikatoka inachuruzika maji. Hakusema mzaha siku hiyo. Aliniambia niinamishe sikio, nikainama, nikasikia maji yanapita chini kabisa, kati ya theluji na nyasi. Umezaliwa hapa, Sozar, sina haja ya kukufundisha maana yake.

Theluji ya mteremko wa kushoto iliporomoka kwanza, mchana kweupe, ikabeba kinu cha kusagia na kila kitu kilichokuwa ndani. Namshukuru Mungu hakukuwa na mtu. Kesho yake ukaanguka wa kulia, ukalaza msitu wote wa mibetula na kuzika uzio wa makaburi. Umebaki wa katikati, na huo ndio ulio juu ya paa letu. Umepasuka ufa kutoka mwamba mpaka mwamba. Asubuhi unauona kama uzi, jioni ng'ombe angeweza kutumbukia ndani yake. Kila nikitoka kuchota maji naona umepanuka.

Wakubwa wa Mestia hawakuchelewa, niseme kweli. Walileta helikopta, ikaenda na kurudi, ikaenda na kurudi. Watu walipanda na wanakondoo vifuani. Mama hakupanda.

Alisema hawezi kuondoka kwa sababu wanaochechemea hawajafika.

Kama mji umekusahaulisha, nikukumbushe. Wafu wazima huja na kuondoka pamoja. Vilema na vipofu hawawezi kwenda nao mwendo mmoja, hivyo hufika baadaye, wenzao wakishaondoka, na meza yao huandaliwa peke yake. Ni lazima wakute moto unawaka na mlango uko wazi. Wakikuta jiko baridi na kufuli mlangoni, watageuka na njaa yao, na mwakani hawataijua tena njia ya nyumbani. Ndivyo tulivyolelewa. Majirani nao wana vilema wao, lakini kasisi aliwaambia hatari kama hii Mungu anaijua, wakaandae meza zao huko Mestia. Wakakubali. Mama akasema sawa, labda wafu wa Eteri wanajua njia ya kwenda Mestia, wa kwake hawajui.

Nikadhani ni Babu Jokia. Nani mwingine? Babu alirudi kutoka vitani na mguu wa mti, na tangu nikiwa mdogo nimeona Mama akimwekea bakuli lake baada ya wengine. Nikasema haya, ni siku chache, tutamngoja mzee ale, kisha nitambeba Mama mgongoni ikibidi. Siku yenyewe ikafika. Meza ikaandaliwa, tukangoja, mishumaa ikaisha. Nikashika koti lake nikamwambia haya twende, Babu ameshakula. Mama akalitundika lile koti tena msumarini. Akasema bado. Akasema theluji ni mbovu, inazamisha, mtu mwenye miguu yote miwili angechelewa, sembuse mwenye mmoja. Kesho akasema vivyo hivyo. Keshokutwa vivyo hivyo. Joto likizidi ndivyo anavyozidi kuwapa muda, kwa sababu joto ndilo linaloharibu njia yao! Umewahi kusikia jambo kama hilo? Kile kitakachotuua ndicho anachokitumia kama sababu ya kubaki.

Tumejaribu kila kitu. Nimelia, nimegombana naye, nimesusa kula. Vijana wa uokoaji walikuja na blanketi ili wamfunge kama mtoto na kumbeba, naye akauwahi mnyororo wa mekoni, ule mtakatifu unaoshikilia chungu juu ya moto, akaukamata kwa mikono miwili, akaapa kwamba atakayemtenganisha nao kwa nguvu amemtenganisha yeye na wafu wake wote, na laana iwe juu ya nyumba yake. Nani ataugusa mkono ulioshika mnyororo ule? Vijana wale ni Wasvani kama sisi. Walivua kofia, wakakunja blanketi, wakatuachia redio ya mkononi, wakaondoka bila kututazama machoni.

Chichiko amebaki. Anadai ni kwa ajili ya ng'ombe wake, lakini ng'ombe wenyewe ameshawateremsha. Kila siku anakuja kumchokoza Mama, akidhani hasira itamtoa. Alimwambia we Darejan, ukifunikwa leo si utawapokea wageni wako huko huko waliko, ya nini kujisumbua kuwangoja hapa? Mama akamjibu kwamba yeye Chichiko akifa hakuna atakayemwandalia hata ganda la mkate, maana nani atatamani kulisikia domo hilo hata mara moja kwa mwaka. Wakacheka wote wawili, nami nikatoka nje nikapiga ukuta ngumi.

Ni Chichiko huyo huyo aliyepata wazo la mnara. Akasema mnara wetu wa mawe pale kando ya nyumba umesimama tangu enzi za mababu wa mababu, maporomoko yote yamepita pembeni yake, basi tuhamishe moto, tuhamishe meza, Babu Jokia ale humo na sisi tukiwa salama. Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Hata Mama alilifikiria. Kisha akatikisa kichwa. Akasema mlango wa mnara uko juu, na mwenye mguu mbovu hawezi kupanda ngazi.

Nami nikaelewa papo hapo, Sozar. Babu Jokia alikuwa anapanda ngazi ile kama paka. Alikuwa anaweka nyama yake ya mawindo mle mnarani, na mguu wake wa mti ulikuwa unagonga vidato, ta, ta, ta, mpaka juu. Katika nyumba hii ni mtu mmoja tu ambaye hakuweza kamwe kupanda ngazi ya mnara, na Mama ndiye aliyekuwa akimpandisha mgongoni ili naye aone bonde kama watoto wengine.

Nikaenda kuitazama meza vizuri. Bakuli la Babu halikuwepo. Lilikuwepo lile bakuli dogo la mbao ulilolitafuna ukingo ulipokuwa unaota meno.

Nilikaa sakafuni palepale, na Mama akaendelea kuchochea moto kana kwamba hakuna lililotokea. Nilipomuuliza, alinijibu kwa upole, tena upole ule ndio ulionitisha. Alisema yule mtoto ni yeye aliyemtoa kwenye theluji mwaka wa themanini na saba kwa mikono yake, akiwa na miaka sita, mguu umevunjika vipande na midomo ya bluu, na siku ile aliahidi kwamba theluji haitamfanya yeye Mama akimbie tena na kumwacha mtoto.

Nami nilikuwa nusu kwa nusu, nakiri. Miaka yote hii bila neno lako, wakati mwingine nilikuombea kama mtu aliye hai, wakati mwingine kama marehemu, nikimwachia Mungu achague. Kwa hiyo Tariel alipokuja na katapila kuona kama barabara inapitika, nilimlilia nikamweleza Mama anamngoja nani. Uso wake ukabadilika. Akavua glovu, akavaa, akavua tena. Akasema aliapa asiseme, lakini Mtakatifu Georgi atamsamehe. Akasema vuli alikuona bandarini Poti, unachechemea kati ya makontena na kofia yetu ya kijivu kichwani, akakuita ukageuka, kisha ukajifanya hukugeuka. Akasema mlikunywa bia, na ukamwomba asituambie.

Nilitaka kukubusu na kukukaba koo kwa wakati mmoja. Nilipanda mbio hadi nyumbani nikipiga kelele, mimi niliyekuwa nimewafunga hata mbwa midomo wasibweke chini ya mteremko ule. Nikamwambia Mama, Sozar yuko hai! Ameonekana, ana kazi, anakunywa bia!

Mama alinitazama kana kwamba nimeitemea sanamu takatifu mate. Kisha akasema maneno haya, nayaandika kama alivyoyasema ili uyabebe wewe pia. Alisema mtoto aliye hai huja kumzika baba yake. Alisema maiti ya Bimurza ililazwa juu ya meza na bonde zima likaja, hata mtoto wa Aslan aliletwa kutoka gerezani akiwa na askari wawili ili abebe jeneza. Sozar hakuja. Kwa hiyo Sozar amekufa. Akasema nisimletee habari nyingine, kwa maana yule aliyekufa ameshamsamehe, na mwana aliye hai yeye hana.

Unaona, ndugu yangu? Amekuua kwa sababu ya mapenzi. Alikuwa na njia mbili, ama una moyo wa jiwe, ama uko kaburini, naye akakuchagulia kaburi, kwa kuwa mle anaweza kukupikia.

Sijui kwa nini hukuja. Najua wewe na Baba mliachana vibaya, najua maneno aliyokuambia kuhusu mguu wako, kwamba hufai mlimani wala shambani. Nilikuwepo. Aliyajutia, kama unataka kujua, ila hakuwa mtu wa kusema. Hayo tutayazungumza siku nyingine, kama tutakuwa na siku nyingine. Leo nakuomba jambo moja, na nakuomba nikiwa nimepiga magoti.

Ukimaliza kusoma, usioge, usibadilishe shati. Nenda kwenye simu yoyote upige kituo cha uokoaji cha Mestia. Tariel anayo namba. Wataunganisha sauti yako na redio, nayo redio iko kwa Chichiko, hailali. Ongea na Mama. Usimwambie unampenda, usimwambie unakuja, usilie, maana akisikia sauti laini atasema ni mfu anamwita kutoka njiani na ataongeza kuni. Mwambie ukweli ulio mbaya. Mwambie ulijua Baba amekufa, ulikuwa mzima, nauli ulikuwa nayo, na hukuja kwa sababu hukutaka. Kama siyo kweli, sema hivyo hivyo. Atakulaani. Najua anavyolaani, na wewe unajua. Acha akulaani mpaka achoke! Nataka akasirike mpaka apige teke ile meza, afunge ule mlango na atoke kwenye nyumba hii ambayo haina wa kungojwa. Ataishi akiwa na hasira na wewe, lakini ataishi. Utapoteza bakuli lako. Umenisikia? Najua ninachokuomba. Nakuomba uache kuwa marehemu aliyesamehewa.

Nina jambo lingine la kukuambia, ambalo mume wangu hajui. Nilimwambia atangulie na watoto, mimi nitakuja na helikopta ya mwisho. Helikopta ya mwisho ilishaondoka. Nilisimama mlangoni nikaitazama ikipita juu ya ule ufa, nikaingia ndani. Sikuweza kumwacha akae peke yake mezani. Naogopa, Sozar, na kila tone linaloanguka kutoka paani nadhani ndilo la mwanzo wa mwisho. Basi ukipiga simu hiyo huongei kwa ajili ya Mama tu. Wanangu wawili wamelala kwenye sakafu ya shule wakiniuliza.

Tariel anapiga honi huko chini, hawezi kungoja, barabara nayo inaanza kulainika. Namwombea salama. Chichiko anakusalimu, anasema wewe ni punda, na anasema njoo.

Mama ameniona naandika. Ameniuliza namwandikia nani, nikashindwa kusema uongo, nikamwambia namwandikia Sozar. Nilidhani atanipokonya karatasi. Hakukasirika hata kidogo. Amekata mkate, amekutengea sehemu laini ya katikati na ukoko ameuweka kando kwa sababu huupendi, kisha akaenda kuufungua mlango zaidi. Ameniambia nikuambie usikimbie, njia inateleza, uje polepole na mguu wako. Tutakungoja.

Ni mimi dada yako,
Mzevinar